Anayebashiri tuzo za tamthilia huanza na wapiga kura

Kubashiri mshindi wa tuzo ya uigizaji ni kukadiria uamuzi wa watu fulani, kwa kanuni fulani, katika siku fulani. Swali la nani ameigiza vizuri zaidi ni la uhakiki. Swali la nani atatangazwa ni la ubashiri. Maswali hayo hukaribiana, ila hayafanani, na wengi hubashiri vibaya kwa kujibu la kwanza wakidhani wamejibu la pili. Mtazamaji wa Kasulu anayesema mwigizaji fulani "lazima achukue" kwa kawaida ameeleza mapenzi yake. Hajasema lolote kuhusu majaji watakaokaa Dar es Salaam, Nairobi au Lagos, wala kuhusu simu zitakazopiga kura.

Wilaya za Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, zinafaa sana kwa kuitazama tofauti hiyo. Watu wake ni wafuatiliaji wakubwa wa maigizo kwa Kiswahili, na wengi wanaozungumza Kiha huyafuata bila taabu hata maigizo ya Kirundi. Lakini tuzo zote kubwa hutolewa mbali nao, na nafasi yao katika hesabu ya kura ni ndogo kuliko idadi yao. Kinachopendwa Kibondo na kinachoshinda ukumbini hutenganishwa na mambo yanayoweza kutajwa na kupimwa moja baada ya jingine.

Maigizo yalivyoingia nyandani

Mazoea ya kufuata hadithi ya kuigizwa kwa mfululizo yalianzia kwenye redio. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliotungwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI kupitia wahusika kama Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Watafiti walihakikisha kituo cha Dodoma hakirushi mchezo huo kwa miaka miwili ya mwanzo, ili wapate eneo la kulinganisha na kwingine. Upande wa pili wa mpaka, Studio Ijambo ya Burundi ilianza mwaka 1997 kutoa mchezo wa redio wa Umubanyi Niwe Umuryango, uliotungwa na Marie-Louise Sibazuri, kuhusu majirani wa makabila mawili. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, nayo ikawa sauti inayosikika Kibondo na Kasulu.

Kambi za wakimbizi ziliongeza watazamaji. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa Warundi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la FilmAid lilionyesha filamu hadharani katika kambi za mkoa huo kwa vitambaa vikubwa na projekta, kwa hiyo wapo waliokutana na filamu uwanjani kabla ya kuwa na televisheni sebuleni.

Televisheni yenyewe ilichelewa. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya rangi mwaka 1973, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, ITV na wenzake walipoingia hewani. Kutoka hapo vikundi vya maigizo, hasa Kaole, viliwatambulisha kwa taifa waigizaji kama Steven Kanumba, Vincent Kigosi na Blandina Chagula. Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa mwishoni mwa mwaka 2012, na ving'amuzi vikawa ndiyo mlango wa kuingilia. Azam TV ikaleta chaneli ya Sinema Zetu. DStv ikawa na Maisha Magic Bongo, nyumbani kwa tamthilia kama Huba, Kapuni, Pazia na Jua Kali. Umeme wa Gridi ya Taifa ulifika mkoani Kigoma mwaka 2022, na majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakiendesha miji yake yakaanza kuzimwa. Kabla ya hapo, kufuata tamthilia inayorushwa kila siku bila kuruka sehemu kulitegemea mafuta ya jenereta, sola au kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video wa mtaani, chenye mwenye moyo wa kukiwasha.

Historia hiyo ina maana kwa mbashiri. Tamthilia iliyoanza kurushwa wakati umeme ni wa mashaka ilipata watazamaji wa vipande vipande Kibondo, huku mijini ikipata watazamaji wa kila siku. Mtu aliyeona sehemu kumi za msimu na mtu aliyeona sehemu mia hawamwoni mwigizaji mmoja: wa kwanza huvutwa na matukio makubwa, kilio, ugomvi na harusi; wa pili huona jinsi muhusika alivyojengwa taratibu.

Tuzo zilizopo na zinachokipima

Hatua ya kwanza ya ubashiri ni kusoma jina la kipengele hadi mwisho. Tuzo nyingi za Afrika Mashariki zilizaliwa kwa ajili ya filamu, kisha tamthilia zikaongezwa. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997, lilijengwa juu ya filamu na tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. Kenya ina Tuzo za Kalasha, zilizoanzishwa mwaka 2009 na Kamisheni ya Filamu ya nchi hiyo, ambazo hutenga vipengele vya waigizaji wa filamu na vya waigizaji wa televisheni. Afrika nzima ina Tuzo za Chaguo la Watazamaji za Africa Magic, AMVCA, zilizofanyika kwa mara ya kwanza Lagos mwezi Machi 2013. Tanzania Bara, Azam Media ilianzisha tamasha la filamu la Sinema Zetu, SZIFF, mwaka 2018, na Bodi ya Filamu Tanzania ikaandaa tamasha la tuzo za taifa lililofanyika Mbeya mwaka 2021 na Arusha mwaka 2022.

Kosa la kawaida ni kuchanganya tuzo ya kazi na tuzo ya mtu. Katika AMVCA ya mwaka 2016, Elizabeth Michael, maarufu Lulu, alirudi na tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu, na Single Mtambalike, maarufu Richie, akarudi na tuzo ya filamu bora ya Kiswahili kwa Kitendawili. Mitaani habari zilisema waigizaji wameshinda, na ni kweli kwamba ni waigizaji. Ila kilichotuzwa ni filamu. Nchini Tanzania nyota wa mbele mara nyingi ndiye pia mtayarishaji au mwenye mali, ndiyo maana tuzo ya kazi huonekana kama tuzo ya uigizaji. Mbashiri akiichukua kama ushahidi kwamba mwigizaji huyo atashinda kipengele cha uigizaji mwaka unaofuata, ameegemea ukuta usiokuwepo.

Mkanganyiko wa pili ni kati ya filamu na tamthilia. Wema Sepetu alitajwa mwigizaji bora wa kike wa SZIFF ya kwanza, mwaka 2018, kwa filamu ya Heaven Sent. Filamu huhukumiwa kwa takriban saa moja na nusu. Tamthilia huhukumiwa kwa miezi. Rekodi ya mwigizaji kwenye filamu hueleza kwamba majaji wanamjua, lakini haielezi kama ataweza kubeba msimu mzima mbele ya majaji wengine.

Nani anachagua

Baada ya kipengele kueleweka, swali linalobeba uzito mkubwa kuliko yote ni la mchaguzi. Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni jopo la majaji: watu wachache, aghalabu waongozaji, walimu wa sanaa, waandishi na waigizaji wakongwe. Jopo hupenda ugumu unaoonekana, yaani muhusika anayebadilika, lafudhi iliyodumu, ukimya unaobeba maana. Kwa kuwa majaji ni wachache, jaji mmoja mwenye msimamo anaweza kugeuza matokeo, na kwa hiyo ubashiri wa jopo dogo huwa na mashaka makubwa hata mbashiri akiwa hodari.

Njia ya pili ni kura za wenzao wa fani. Ndiyo inayotumika katika tuzo za Emmy za Marekani, zilizoanza mwaka 1949: waigizaji wanachama wa Akademia ya Televisheni huwapigia kura waigizaji. Wapiga kura ni wengi, wanaijua kazi, lakini hawana muda wa kutazama kila kitu. Huelekea kwenye tamthilia ambayo tayari kila mwenzao anaizungumzia.

Njia ya tatu ni kura za watazamaji, kwa simu au mtandaoni. Hapa kinachopimwa ni ukubwa wa kundi la mashabiki na bidii yake. Tuzo nyingi za Afrika Mashariki huchanganya njia ya kwanza na ya tatu, na uwiano wa mchanganyiko huo ndio unaoamua.

Mfano wa hesabu unaonyesha nguvu ya uwiano. Tuseme mwigizaji wa kwanza amepata alama 80 kwa 100 za majaji na asilimia 20 ya kura za watazamaji. Wa pili amepata alama 65 za majaji na asilimia 70 ya kura. Kanuni ikitoa uzito wa 70 kwa majaji na 30 kwa watazamaji, wa kwanza anapata 56 na 6, jumla 62. Wa pili anapata 45.5 na 21, jumla 66.5. Wa pili anashinda. Kanuni ikibadilishwa iwe 85 kwa 15, wa kwanza anafikisha 71 na wa pili 65.75. Uigizaji haujabadilika hata kidogo, wala kura; kilichobadilika ni mstari mmoja wa kanuni. Ndiyo maana mbashiri makini husoma kanuni za mwaka husika kabla ya kutazama orodha ya walioteuliwa, kwa kuwa waandaaji huzibadili kati ya mwaka na mwaka.

Kura ya Kibondo ina uzito gani

Kura za watazamaji huonekana kama sauti ya umma, lakini umma unaopiga kura ni ule wenye vitu vitatu kwa pamoja: king'amuzi chenye kifurushi kinachoonyesha tamthilia hiyo, simu yenye bando au salio, na mtandao unaokubali. Kila sharti hupunguza watu. Kijijini Kibondo, king'amuzi kimoja kinaweza kutazamwa na nyumba kadhaa, na kwenye kibanda umiza na watu wengi zaidi. Watazamaji ni wengi, akaunti ni moja. Tuzo inayopokea kura kupitia mtandao humhesabu mwenye simu janja, na mzee anayefuata hadithi kila jioni akiwa na simu ya tochi hahesabiwi.

Matokeo yake ni kwamba kura za watazamaji hukuza sauti ya vijana wa mijini. Mwigizaji anayependwa na mama wa makamo wa Kasulu kwa uhusika wa mama mkwe au mjane anaweza kuwa na watazamaji wengi kuliko msichana anayeigiza mapenzi ya chuoni, lakini msichana huyo akawa na kura zaidi, kwa sababu mashabiki wake wako mtandaoni saa zote. Mbashiri anayeishi nyandani akihesabu mazungumzo ya sokoni Kasulu anapata picha nzuri ya mapenzi ya watu na picha mbaya ya kura.

Chaneli nayo huchuja. Tamthilia za DStv na za Azam haziwafikii watu walewale, kwa sababu kaya nyingi hulipia king'amuzi kimoja tu. Tuzo inayoandaliwa na kampuni ya televisheni hutangazwa zaidi kwenye chaneli za kampuni hiyo, na wito wa kupiga kura huwafikia kwanza wateja wake. Hilo halihitaji hila ya mtu yeyote. Ni matokeo ya mahali tangazo lilipowekwa. Mbashiri huanza kwa kuuliza tuzo ni ya nani, kisha anaangalia ni walioteuliwa wangapi ambao kazi zao huonekana kwa mwenye tuzo.

Asili ya mwigizaji pia huingia kwenye kura. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma waliungana kwa jina la Kigoma All Stars na kutoa wimbo wa Leka Dutigite, na mkoa mzima ukauchukua kuwa wake. Nguvu ya namna hiyo ipo pia kwenye uigizaji, ila huwa na athari pale tu wenye mapenzi ya nyumbani wanapokuwa na njia ya kupiga kura. Kwa mkoa ambao watoto wake wengi wamehamia Dar es Salaam, kura za kimkoa zinaweza kupigwa zaidi na walioko Dar kuliko walioko Kasulu.

Ishara zinazoangaliwa kwa majaji

Pale majaji au wenzao wa fani wanapoamua, zipo ishara ambazo watabiri wa tuzo kubwa wamezifuata kwa miaka mingi. Emmy ndizo zenye kumbukumbu ndefu, na mafunzo yake yanaweza kupimwa kwenye tuzo za karibu.

Ishara ya kwanza ni sehemu iliyowasilishwa. Kwenye Emmy, aliyeteuliwa huchagua sehemu moja ya tamthilia yake iwe kielelezo. Sehemu yenye tukio kubwa, kwa mfano msiba, ungamo au mgongano wa mwisho, humsaidia, hata kama kwa msimu mzima hakuwa bora kuliko wenzake. Kwa tamthilia za Kiswahili zinazorushwa siku nyingi za wiki, jaji hawezi kutazama msimu mzima. Kwa hiyo mbashiri hujiuliza ni sehemu gani itakayopelekwa, na kama mwigizaji huyo anayo moja inayosimama peke yake.

Ishara ya pili ni tuzo zilizotangulia. Marekani, tuzo za chama cha waigizaji na zile za waandishi wa habari huonyesha upepo unakovuma. Afrika Mashariki hakuna mlolongo ulioshikana kiasi hicho, kwa kuwa majopo na nchi hutofautiana. Ushindi wa Kalasha hauelezi mengi kuhusu tuzo za Bodi ya Filamu Tanzania. Kinachosaidia zaidi ni orodha ya uteuzi yenyewe: tamthilia iliyoteuliwa katika uandishi, uongozaji na upigaji picha imependwa na majaji kwa ujumla wake, na waigizaji wake hupata sehemu ya upendo huo.

Ishara ya tatu ni historia ya mwigizaji. Hapa kumbukumbu zinapingana, na anayetaka kanuni moja hukosea. Jon Hamm aliteuliwa mara nane kwa uhusika wa Don Draper katika Mad Men na kushinda mara ya mwisho tu, mwaka 2015. Walioamini kwamba anayengoja sana hulipwa walipata ushahidi wao. Lakini Angela Lansbury aliteuliwa mara 12 kwa Murder, She Wrote na hakushinda hata mara moja. Bryan Cranston alishinda mara tatu mfululizo kwa Breaking Bad, mwaka 2008 hadi 2010, kisha tena mwaka 2014. Kwa hiyo kusubiri hakuhakikishi ushindi, na kushinda jana hakumzuii mtu kushinda leo.

Ishara ya nne ni mabadiliko ya kanuni. Katikati ya miaka ya 2010 Emmy ziliacha kutegemea paneli ndogo za kujitolea katika duru ya mwisho, zikawaruhusu wanachama wote wa fani kupiga kura. Mwaka 2016 vipengele vya waigizaji wakuu wa tamthilia vilikwenda kwa Rami Malek na Tatiana Maslany, majina ambayo mfumo wa zamani haukuwa ukiyapa nafasi kwa urahisi. Mwaka 2020 Zendaya, akiwa na miaka 24, alishinda kwa Euphoria na kuwa mshindi mdogo kuliko wote katika kipengele chake, mbele ya waigizaji wakongwe waliobashiriwa zaidi. Aliyekuwa akitumia kumbukumbu za miaka kumi iliyopita bila kutazama kanuni mpya alikuwa akibashiri tuzo ambayo haipo tena.

Ishara ya tano ni lugha na soko. Mwaka 2024 Hiroyuki Sanada na Anna Sawai walishinda Emmy za waigizaji wakuu wa tamthilia kwa Shōgun, kazi inayozungumzwa kwa sehemu kubwa Kijapani. Kizuizi cha lugha kilipungua pale watazamaji walipozoea kusoma maandishi chini ya picha. Nyanda za juu za Kigoma zimefika huko kwa njia nyingine: tamthilia za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili kwenye Azam TV zimewazoesha watu kumfuata mwigizaji ambaye sauti yake siyo anayoisikia. Uzoefu huo una athari kwenye ladha, kwani mtazamaji huanza kupima uso, macho na mwendo kuliko maneno.

Mtu wa Maziwa Makuu aliyeshinda nje anaweza kuwekwa kwenye mizani ya ishara hizi. Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali na kuondoka na familia yake wakati wa mauaji ya mwaka 1994, alishinda tuzo ya BAFTA ya Scotland mwaka 2020 kwa uhusika wake katika Sex Education. Aliyembashiri kwa kuangalia alikozaliwa asingepata lolote. Aliyeangalia kwamba alikulia Scotland, akasomea uigizaji huko na kuwa kwenye tamthilia iliyotazamwa sana, alikuwa na hoja.

Kugawana kura

Tamthilia moja ikitoa walioteuliwa wawili katika kipengele kimoja, hofu ya kwanza ni kugawana kura. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme kura ni 10,000. Waigizaji wawili wa tamthilia moja wanapata 2,700 na 2,500. Mpinzani aliye peke yake anapata 2,900. Waliobaki wanapata 1,900 kwa pamoja. Tamthilia hiyo imepata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini mshindi ni mpinzani. Kwenye kura za watazamaji, ambako mashabiki hufuata tamthilia kabla ya kumfuata mtu, hali hii hutokea kwa urahisi, hasa anayeigiza mke na anayeigiza hawara wanapowekwa kipengele kimoja.

Kwa wenzao wa fani hofu hiyo haina nguvu kila mara. Katika Emmy zilizotolewa Januari 2024, Succession ilikuwa na waigizaji wakuu watatu wa kiume walioteuliwa: Brian Cox, Jeremy Strong na Kieran Culkin. Culkin alishinda. Pale wapiga kura wanapokubaliana kimya kimya kwamba msimu ni wa fulani, idadi ya wenzake haimdhuru. Mbashiri hujiuliza kama mazungumzo ya msimu yameshamteua mmoja kati yao. Yakiwa bado yamegawanyika, hupunguza nafasi ya wote wawili.

Uovu wa muhusika nao hugawa. Msikilizaji wa Twende na Wakati aliweza kumkumbuka Mkwaju kuliko wahusika wema, na kwenye tamthilia za leo anayeigiza mtesi hukumbukwa hivyohivyo. Majaji humtuza mtesi aliyeigizwa vizuri. Watazamaji humchukia, na wengine hubeba chuki hiyo hadi kwenye kura, wakimwadhibu mtu kwa matendo ya muhusika. Tuzo ikiwa ya majaji, mtesi huongezewa; ikiwa ya kura, hupunguziwa.

Kuandika ubashiri kwa namba

Ubashiri usioandikwa hauwezi kukosolewa, kwa sababu baada ya matokeo kila mtu hukumbuka kwamba alijua. Njia inayotumika popote, hata kwenye daftari la kibanda umiza, ni kumpa kila aliyeteuliwa uwezekano, na jumla iwe moja. Walioteuliwa wakiwa watano na mbashiri akiwa hajui chochote, kila mmoja hupata 0.20. Kila ishara iliyoelezwa hapo juu huongeza au kupunguza kutoka hapo. Baada ya kupima kanuni, chaneli, sehemu iliyowasilishwa na mgawanyo wa kura, mbashiri anaweza kufikia 0.45, 0.25, 0.15, 0.10 na 0.05.

Usahihi hupimwa kwa alama iliyopendekezwa na mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier mwaka 1950. Kwa kila mwigizaji, toa uwezekano uliompa kutoka kwenye matokeo, ambayo ni moja kwa aliyeshinda na sifuri kwa aliyeshindwa. Zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, kisha jumlisha zote. Alama ndogo ni bora. Kwa mgao uliotajwa, wa kwanza akishinda alama ni 0.40. Wa pili akishinda ni 0.80, sawasawa na alama ya mtu aliyetoa 0.20 kwa kila mmoja. Aliyejiamini akampa wa kwanza 0.90 na kila aliyebaki 0.025, kisha wa pili akashinda, anapata karibu 1.76. Kipimo hiki huadhibu kujiamini kusiko na msingi kuliko kinavyoadhibu ujinga wa wazi.

Makadirio ya watu wengi yakiunganishwa mara nyingi huwa bora kuliko ya mmoja. Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo ya Plymouth, Uingereza, watu walikadiria uzito wa ng'ombe akishachinjwa na kusafishwa. Francis Galton alipokusanya makadirio 787 aliona kadirio la katikati lilikuwa ratili 1,207, na uzito wa kweli ratili 1,198. Sharti ni kila mmoja afikiri peke yake. Kwenye kibanda umiza mwenye sauti kubwa husema jina kwanza na wengine hulifuata, na makadirio hamsini yakawa kadirio moja lililorudiwa mara hamsini. Kukusanya karatasi kabla ya mjadala hurekebisha hilo.

Kundi linalotazama kutoka Kibondo au Kasulu lina faida moja na upungufu mmoja. Faida ni umbali: halijui waandaaji, halimo kwenye urafiki wa mjini, na linaweza kupima kanuni bila upendeleo. Upungufu ni kwamba halioni kampeni za mtandaoni zinazowalenga watu wa mijini, na huelekea kudharau kura za mwigizaji ambaye jina lake halitajwi sokoni. Upungufu huo hurekebishwa kwa kuongeza kidogo uwezekano wa anayefuatwa sana mtandaoni pale tuzo inapotegemea kura, na kuuacha ulivyo pale inapotegemea majaji.

Mahali ubashiri unapokoma

Kuna mambo ambayo ubashiri hauyafikii. Jopo dogo linaweza kuafikiana juu ya jina ambalo hakuna jaji aliyelipa nafasi ya kwanza, kwa sababu majina mawili ya juu yamezuiana. Kura zinaweza kukaguliwa na kupunguzwa baada ya kuonekana zimepigwa kwa mashine. Tuzo changa zinaweza kubadili vipengele karibu na siku yenyewe, kuunganisha filamu na tamthilia, au kuahirishwa. Ndiyo maana mbashiri mzoefu mara chache humpa mtu zaidi ya 0.60 kwenye tuzo yenye umri mdogo, hata ishara zote zikielekea upande mmoja.

Wala matokeo ya usiku mmoja hayathibitishi ustadi wa kubashiri. Aliyepatia vipengele vitatu kati ya vitatu anaweza kuwa na bahati. Aliyekosa vitatu anaweza kuwa amepima vizuri na kupata mwaka mbaya. Alama za Brier huanza kueleza jambo pale zinapokusanywa kwa vipengele vingi na miaka kadhaa, zikilinganishwa na za mtu aliyetoa uwezekano sawa kwa wote. Akimshinda mtu huyo kwa misimu mitatu au minne mfululizo, mbashiri wa Kasulu ameshajua jinsi tuzo hizo zinavyochagua washindi wake.